Mawe ya Njia ya Taveta: Majina Yaliyoandikwa na Yasiyoandikwa

Njia itokayo Voi kwenda Taveta ina urefu wa kilometa 110 hivi. Hupita Mwatate na Bura, hushika nyika ya Maktau na Mbuyuni, hukata sehemu ya mbuga ya wanyama ya Tsavo Magharibi, na mwisho hufika katika mji mdogo ulio mpakani, mbele ya mlima Kilimanjaro. Wengi wapitao njia hii wana haraka. Mmoja awahi soko, mwingine avuka mpaka kwenda Moshi, wa tatu apeleka ndizi Mombasa. Wasimamao kusoma yaliyoandikwa kando ya njia ni wachache.

Hata hivyo yako mengi ya kusoma. Voi pana makaburi ya vita, Maktau pana mengine, na Taveta penyewe pana mengine tena. Katikati yake viko vilima na mahandaki ya kale ambayo kila mwenyeji ayajua. Vyote hivi ni alama za Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa katika nchi hii tangu mwaka 1914. Msomaji akizisoma alama hizi kwa makini atajifunza mambo mengi. Akizisoma kwa makini zaidi, ataona pia kwamba watu waliokuwa wengi kuliko wote katika vita hivyo hawana jiwe.

MJI WA MISAFARA

Taveta ilijulikana kabla ya reli na kabla ya serikali. Misafara ya pwani iliyotoka Mombasa na Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilipumzika katika msitu wa mto Lumi. Baada ya siku nyingi za nyika kavu, watu walipata hapo maji, kivuli na ndizi za Wataveta. Mmisionari Charles New alifika huko mwaka 1871. Joseph Thomson alikaa hapo mwaka 1883 kabla ya kuingia Umasaini, na Count Teleki akafuata mwaka 1887.

Majina ya wageni hao yamehifadhiwa vitabuni. Lakini vitanda vyao, sanduku zao, nguo na shanga za kununulia chakula vilikwenda juu ya vichwa vya mamia ya wapagazi, na katika hao ni wachache mno ambao majina yao yamebaki. Basi desturi ya kumwandika mwenye msafara na kumsahau mchukuzi ilianza mapema katika njia hii.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mpaka. Mstari uliotoka pwani ukapindwa ili kuuzunguka Kilimanjaro. Mlima ukawa upande wa Wajerumani, na Taveta ikawa upande wa Waingereza. Kwa hiyo mji wa kupumzikia ukageuka kuwa mji wa mpakani, tena mlango kati ya nchi mbili: upande mmoja vilima vya Upare, upande wa pili mlima, na katikati nafasi ya kupitisha jeshi.

VITA VYAFIKA

Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani mwanzoni mwa Agosti 1914. Tarehe 15 ya mwezi ule ule Wajerumani waliingia Taveta. Bomani palikuwapo askari polisi wachache tu, nao wakarudi nyuma. Mji ukakaa mikononi mwa Wajerumani karibu miezi 19. Kutoka huko vikosi vyao vidogo vilipenya nyikani kwenda kuitegea baruti reli ya Mombasa na Nairobi, ambayo ilikuwa ndiyo njia ya chakula na silaha za Waingereza.

Waingereza wakajibu kwa kujenga reli nyingine. Mwaka 1915 ilianza Voi kuelekea magharibi, na katika Juni ikafika Maktau. Nchi ile ni kavu, na kila kitu kililetwa kutoka mbali, hata maji. Maktau, mahali ambapo leo mtu aweza kupapita bila kupageuzia uso, palikuwa kambi kubwa ya jeshi.

Karibu na Maktau, tarehe 3 Septemba 1915, Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne katika Australia, alijeruhiwa mguuni wakati kikosi chake kiliposhambuliwa. Watu wake walianza kumchukua. Alipoona kwamba majeruhi wengine hawawezi kuondolewa, aliamuru aachwe pamoja nao ili apate kuwalinda. Aliuawa hapo. Alipewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa kwake, na kaburi lake liko Voi. Mtu yeyote aweza kwenda kulisoma jina lake.

Mwendo wa kilometa chache kabla ya kufika Taveta kuna kilima cha Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, waliokuwa wageni katika nchi hii, walitumwa kukitwaa. Waliambiwa kwamba adui ni wachache. Haikuwa hivyo. Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika walikuwa wamejichimbia imara, wakawarudisha nyuma. Upande wa Waingereza watu 170 hivi waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, na kikosi cha Kihindi cha Baluchi wa 130 ndicho kilichozuia maangamizi yasizidi.

Mwezi uliofuata Jenerali Smuts aliizunguka Salaita kwa upande wa ziwa Chala. Wajerumani wakakiacha kilima, na tarehe 10 Machi Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza. Usiku wa tarehe 11 ulikuwa na mapigano makali katika vilima viwili vya Latema na Reata, ng'ambo ya mji. Askari wa Keya, Wahindi, Warodesia na watu wa Afrika Kusini walipanda gizani, na wengi hawakushuka. Mmoja wao ni Luteni Kanali Graham, mkuu wa kikosi cha tatu cha Keya. Kulipokucha Wajerumani walikuwa wanaondoka kuelekea Kahe.

JIWE NA KANUNI YAKE

Makaburi ya Voi, Maktau na Taveta yatunzwa na Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kamisheni hii iliundwa mwaka 1917, ikajiwekea kanuni nzuri sana: kila aliyekufa vitani aandikwe kwa jina lake, ama juu ya kaburi, ama juu ya ukuta wa ukumbusho ikiwa kaburi halijulikani. Tena pasiwe na tofauti ya cheo, wala kabila, wala dini. Jiwe la mkubwa lisilipite jiwe la mdogo.

Katika Ulaya kanuni hii ilifuatwa, na mtu aliyezoea kuona makaburi ya matajiri na ya maskini atashangaa kuona mawe yaliyolingana safu kwa safu. Lakini katika Afrika ya Mashariki kanuni iliishia njiani. Aliyekuwa na jina katika daftari la jeshi alipata jiwe au mstari wa maandishi. Askari Waafrika wengi hawakupata. Na wapagazi hawakupata kabisa, isipokuwa wachache mno.

WAPAGAZI WALIKUWA NANI

Nchi ya vita ilikuwa kubwa na njia zake zilikuwa chache. Magari yalikwama matopeni, na ng'ombe, punda na farasi waliuawa na ndorobo. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Mtu alichukua mzigo wa ratili 50 au zaidi, yaani kilo 23 na kuendelea: unga, risasi, dawa, hata vipande vya mizinga. Aliwachukua na majeruhi pia.

Mwanzoni baadhi yao walikwenda kwa hiari yao, kwa ajili ya mshahara. Baadaye haikuwa hivyo. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwaandika watu kwa lazima, na machifu walidaiwa idadi. Vijana walichukuliwa mashambani kutoka Nyanza, Ukambani, Ugikuyu, Pwani na kwingineko. Jeshi lao liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyewe wakaliita Kariakoo, na jina hilo limebaki Nairobi kwa namna ya Kariokor, na Dar es Salaam kwa namna ya Kariakoo, hata watu huuza na kununua hapo kila siku bila kukumbuka kwamba walitaja vita.

Yakadiriwa kwamba upande wa Waingereza peke yake uliandika wapagazi na vibarua karibu milioni moja kutoka nchi nyingi za Afrika. Waliokufa walikuwa zaidi ya 95,000, na wako wataalamu waonao kwamba hesabu hiyo ni ndogo. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Watu waliozoea mtama, wimbi, viazi au ndizi walipewa unga wa mahindi, nao hawakuwa na wakati wala sufuria za kuupika ukaiva. Watu wa milima yenye baridi walipelekwa mabonde yenye joto, na watu wa joto wakalala mvuani bila blanketi la kutosha.

Walioanza kazi katika upande huu wa Taveta walilifuata jeshi kusini, mpaka mto Rufiji, na wengine mpaka Msumbiji. Ndiyo maana makaburi yao yametawanyika katika nchi nzima. Upande wa Wajerumani pia walikuwako wapagazi wengi, na hali yao haikuwa bora. Nao pia hawana mawe.

DAFTARI ILIYOPOTEA

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yaliyowapata wapagazi yaonyesha kwamba methali hii haihusu mali tu. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa Kariakoo, alijitahidi kuweka orodha, kila mtu na namba yake. Lakini watu walikuwa wengi na makarani wachache. Majina yaliandikwa kwa masikio ya wageni, likapotoka jina la baba, likapotoka na jina la kijiji. Mtu akifa njiani, mara nyingi hakuna aliyeandika.

Hasara yake haikuwa ya heshima tu. Wengi walikufa wakiwa wanadai mishahara. Warithi hawakupatikana, au hawakutafutwa vya kutosha, na fedha hizo zikajadiliwa na maofisi kwa miaka mingi baada ya vita bila kufika mikononi mwa jamaa zao. Mjane aliyengoja Nyanza au Ukambani hakupata mume, wala barua, wala mshahara, wala mahali pa kuonyesha watoto na kusema, baba yenu amelala pale.

Baada ya vita wakubwa walishauriana kuhusu ukumbusho. Wakaamua kwamba kwa Waafrika yatosha kujenga sanamu za jumla katika miji mikubwa. Ndizo zile sanamu za askari zilizojengwa katika miaka ya 1920 Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ni kazi nzuri ya mikono, na maneno yake yana heshima. Lakini hapana jina la mtu hata mmoja. Na makaburi mengi ya wapagazi yaliachwa yafunikwe na majani kwa kujua, si kwa kusahau.

Jambo hili lilikaa kimya kwa karibu miaka 100. Mwezi wa Aprili 2021 Kamisheni yenyewe ilitoa taarifa, ikakiri kwamba kanuni yake haikufuatwa. Taarifa ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda wafikao 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kamisheni iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi katika Bunge lao.

MAJINA YAWEZA KUPATIKANA

Wako wasemao kwamba radhi imechelewa na kwamba majina yamekwisha kupotea. La kwanza ni kweli. La pili si kweli kabisa. Mwezi wa Januari 2025 ulifunguliwa mjini Cape Town ukumbusho wa Waafrika weusi wa Afrika Kusini waliofanya kazi za jeshi wakafa katika Afrika wakati wa vita hivyo. Majina zaidi ya 1,700 yameandikwa, kila jina juu ya mti wake wa mbao. Watu hao nao hawakuwa na kaburi lililojulikana. Majina yao yalipatikana kwa sababu watu wenye subira waliketi wakafungua madaftari ya zamani, ukurasa kwa ukurasa.

Nchini Kenya pia kazi ya namna hiyo imeanza. Katika miaka ya karibuni nyaraka za jeshi zilizodhaniwa kuwa zimepotea zimeonekana, nazo zina habari za askari wa Keya zaidi ya 3,000. Kazi ya wapagazi ni ngumu zaidi, kwa maana nyaraka zao ni chache. Lakini panapokosekana karatasi ya serikali, huenda pakawapo kumbukumbu ya nyumba. Wajukuu wa watu wa Kariakoo sasa ni wazee. Wengi wao waliambiwa jina la babu, na mwaka alioondoka, na nani alirudi kuleta habari. Kumbukumbu hizo zitakwenda kaburini pamoja na wao zisipoandikwa.

LIFANYWALO NA MJI MDOGO

Mji kama Taveta hauwezi kujenga sanamu ya shaba, wala haikulazimu. Kibao cha kando ya njia hakina gharama kubwa. Kinachotakiwa ni ukweli wa maneno yake.

Kibao chema husema mambo manne: ni mahali gani, ni mwaka gani, nini kilitokea, na ni nani waliokuwapo. Hilo la nne ndilo husahauliwa. Kibao kikisema kwamba jenerali fulani alikitwaa kilima, mtoto wa shule atadhani jenerali alipanda peke yake. Kikisema kwamba reli ilijengwa mwaka 1915, mtoto atadhani ilijijenga. Tena kibao kiandikwe kwa lugha isomwayo na wenyeji, si ya wageni tu. Mgeni hupita mara moja. Mwenyeji hupita kila siku, naye ndiye mlinzi wa mahali.

Palipo na shaka, mambo yaachwe mpaka yathibitishwe. Hadithi za vita hupendeza, na kila mbuyu mkubwa wa nyika ile waweza kupewa hadithi ya askari aliyejificha ndani yake. Lakini uongo ukiandikwa juu ya chuma haufutiki upesi, na mwenye kuugundua huacha kuyaamini hata yaliyo kweli.

Mahandaki nayo ni maandishi. Mkulima akutaye handaki la zamani shambani, au maganda ya risasi, asiyachimbue wala kuyauza kwa wanunuzi wa vyuma. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yalinda mahali pa historia, na hapana budi habari ipelekwe kwa maofisa wa Makumbusho ya Taifa. Kombora lisilolipuka lisiguswe hata kidogo, bali polisi waitwe mara moja, kwa sababu baruti ya miaka 100 yaweza bado kuua.

Karani naye ana sehemu yake. Kalamu ndiyo iliyowakosesha wapagazi mawe, na kalamu ndiyo iwezayo kuwarudishia. Daftari moja shuleni, kanisani, msikitini au katika ofisi ya chifu latosha kuanza. Ndani yake paandikwe jina la aliyekwenda vitani kama jamaa zake walivyolitamka, jina la baba yake, kijiji chake, mwaka alioondoka, na jina la mtu aliyetoa habari hiyo. Orodha kama hiyo ikitoka katika kila lokesheni iliyotoa watu, watafiti watakuwa na kitu cha kulinganisha na karatasi zao, na jina lililopotoka mwaka 1917 laweza kunyoshwa.

Mawe ya Voi, Maktau na Taveta hayakukosa kitu kwa wale walioandikwa juu yake. Luteni Dartnell alistahili jiwe lake, na kila askari aliyelala karibu naye alistahili lake. Deni ni kwa wale waliobeba maji waliyokunywa hao, na unga waliokula, na machela waliyolazwa. Serikali na Kamisheni zina wajibu wa kulilipa. Lakini wajuao majina ni watu wa vijiji, na hawana muda mrefu wa kungoja kuulizwa.